Shukrani Nilizoziandika

Kazi yangu, kwa miaka kadhaa sasa, ni kusikiliza watu wakisema, kisha kuandika walichosema kwa maneno machache kuliko waliyotumia. Ofisi iko Kacyiru, mtaa wa ofisi za serikali hapa Rwanda, ghorofa ya tatu, na ukiuliza tunafanya nini utaambiwa tunakusanya maoni ya wananchi kuhusu mabadiliko ya bima ya afya. Ni kweli tunayakusanya. Tunayapunguza, tunayapanga kwenye jedwali, tunayapeleka juu, na yakifika huko hayana tena sauti ya mtu yeyote. Nasema haya mapema ili msomaji asipoteze huruma yake kwangu. Yuko mwingine anayeistahili.

Mwaka huo ubishi wote ulikuwa juu ya barua. Zamani, mtu akifika kituo cha afya na jina lake liko wilaya nyingine, alirudi kwa mkuu wa mudugudu, kile kimtaa ambamo watu wanajuana mpaka kikohozi. Mkuu aliandika: huyu anaishi kwetu, namjua, mhudumieni. Akapiga muhuri, yakaisha. Sasa ilipendekezwa barua zife. Uwe mfumo mmoja wa nchi nzima, na anayetaka kuhamisha jina aombe humo humo. Kaya anayotoka ikubali kumwachia, na kaya anayokwenda ikubali kumpokea.

Redioni watu walibishana wiki nzima. Wengine walisema mudugudu unawajua watu wake, uachiwe uamuzi wake. Wengine walisema ugonjwa haujui mipaka ya mudugudu, sheria iwe moja kwa wote. Mimi nilikuwa upande wa pili, tena bila unafiki. Nilishawahi kumwona mwanamke aliyegombana na kiongozi wake kwa ajili ya mtaro wa maji machafu, akanyimwa barua mpaka alipokwenda kuomba radhi, mtoto mgongoni anachemka homa. Barua ya jirani ni tamu mpaka ugombane na jirani. Bado naamini hivyo hadi leo, na ndiyo maana habari hii inanikaba.

Nyumbani kwangu, Kicukiro, nilikuwa naishi na mama mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea tangu tukiwa Karagwe, kabla hatujarudi Rwanda. Mpaka leo tukiwa wawili tunaongea Kiswahili. Kinyarwanda chetu ni cha wageni na cha kanisani. Mumewe alipofariki nilimchukua aje kukaa nami, lakini jina lake kwenye bima lilibaki kule mkoa wa Mashariki, kwenye kaya ya shemeji yake, alikoandikwa pamoja na mumewe. Nilimwambia mara nyingi alihamishe. Alikataa.

"Nijitoe kwa mkono wangu mwenyewe?" alisema. "Hiyo ni talaka, mwanangu. Tena namwacha mtu aliye kaburini, hawezi hata kujitetea."

Nilicheka, nikamwacha na mumewe. Niliweza kucheka kwa sababu barua ilikuwepo. Mama mdogo alikuwa na kisukari, na kila alipohitaji dawa mkuu wetu wa mudugudu alimwandikia. Huyu ni fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na anajivunia Kiswahili chake kana kwamba amekishona mwenyewe. Aliandika barua juu ya meza ya kukatia vitambaa, chaki ikiwa bado sikioni. Kwa hiyo mchana nilikuwa ofisini naandika kwamba barua zina madhara, na nyumbani kwangu dawa zilikuwa zinaingia kwa barua. Sikuona aibu. Niliona ni mambo mawili tofauti.

Mkurugenzi wangu alipojua naishi mudugudu ambao haujatoa maoni, alifurahi akanituma mimi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tulizibua mitaro inayoteremka kuelekea njiapanda ya Sonatubes mpaka jua likakolea, kisha tukaweka majembe chini, tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano kama kawaida. Nilisimama na karatasi zangu, matope yakiwa bado kwenye mabuti, nikaeleza mfumo. Nilieleza vizuri. Nina kipaji hicho, na sijivunii tena.

Sasa niseme kitu kuhusu namna tunavyozungumza hapa. Mtu akisimama kwenye mkutano hawezi kuanza na lililomsimamisha. Anaanza kwa kushukuru. Anashukuru uongozi, usalama, barabara, taa, mgeni aliyekuja, majirani waliokaa kumsikiliza. Akishamaliza yote hayo, sauti ikiwa imeshuka, anasema ana *akabazo gato*, kaswali kadogo. Sisi tuliokulia nje tulicheka sana miaka ya kwanza. Baadaye tukajifunza, na sasa hata kwenye harusi siwezi kuomba chumvi bila kumshukuru bibi harusi. Ila kwenye jedwali langu kulikuwa na safu mbili tu: anaunga mkono, hakubali. Mtu aliyeshukuru kwa dakika tano akauliza kwa nusu dakika, unamweka wapi? Mimi nilimweka penye dakika tano. Nilifanya hivyo kwa miaka, mkutano baada ya mkutano, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Fundi alikuwa wa kwanza kusema, naye ni wa aina adimu, hashukuru.

"Komputa iko na akili, sikatai," alisema, akichanganya Kiswahili chake na Kinyarwanda. "Lakini mama huyu akigonjwa, saa yote atanikuta kwa cherehani. Hiyo komputa atayikuta wapi?"

Watu wakacheka. Nikaandika: hakubali.

Kisha akasimama mama mdogo. Nilipoona kitenge chake kinanyanyuka nilijua tutachelewa kula. Alishukuru uongozi, akashukuru taa za barabarani, akashukuru mitaro, akanishukuru hata mimi, mwanawe, niliyekuja na karatasi za serikali kuwaeleza watu wazima. Watu wakapiga makofi. Halafu akasema ana kaswali kadogo.

"Mtu jina lake limebaki mahali," alisema. "Si kwa ubaya, limebaki tu. Naye anaumwa leo. Wakati jina liko njiani linakuja, yeye mwenyewe akae wapi?"

Nilimjibu bila kufikiri. Nilisema mama asiwe na wasiwasi, mfumo una kasi, ni siku chache tu. Sikujua ni siku ngapi. Hakuna aliyekuwa ameniambia, wala sikuwa nimeuliza. Akasema *murakoze*, asante, akakaa. Kwenye jedwali nikaandika: mwanamke, mtu mzima, ameshukuru, ameuliza kuhusu muda, amejibiwa. Nikaweka alama kwenye safu ya wanaounga mkono.

Muhtasari wangu ulisema mudugudu wetu umeunga mkono kwa kauli karibu moja. Karibu, kwa sababu ya fundi. Ulisifiwa kwa ufupi wake.

Miezi ikapita, barua zikafa, na maisha yakaendelea, kwa kuwa dawa za barua ya mwisho zilikuwa hazijaisha. Mama mdogo alivaa viatu vipya kanisani vikamtoa lengelenge kisiginoni. Kwa mtu wa sukari lengelenge si kitu cha kuchezea, naye alijua hivyo kuliko mimi. Alikwenda kituo cha afya peke yake, kwa miguu. Binti wa dirishani alimwangalia kwenye mashine, akamwambia kwa adabu kwamba hayupo hapa, yuko Mashariki, aombe uhamisho kwanza. Akaenda kwa fundi, wakaomba uhamisho kwenye simu ya fundi. Ombi likaenda kwanza kwa shemeji ili akubali kumwachia, ndipo lije kwangu nimpokee. Shemeji ni mzee wa ng'ombe, simu yake huwashwa akiwa na la kusema. Fundi akaandika barua hata hivyo, akapiga muhuri. Binti akaisoma yote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

Haya yote sikuyajua. Nilikuwa natoka alfajiri narudi jioni, naye alivaa soksi. Nilidhani ni baridi. Nyumba moja, meza moja, na mwanamke aliyenifunga kamba za viatu utotoni alikuwa anaoza mguu mita mbili kutoka sahani yangu.

Siku moja alinipigia simu ofisini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Aliuliza habari za kazi. Akaniombea kwa Mungu, akanishukuru kwa mchele niliouleta, akashukuru mpaka nikaanza kusoma barua pepe huku anaongea. Kisha akasema, "Kuna kajambo kadogo, mwanangu, lakini ukiwa na nafasi." Nilimwambia tutaongea jioni. Jioni nilirudi nimechoka, nikamkuta amelala, nikashukuru Mungu kwamba kumbe halikuwa kubwa.

Baada ya siku mbili mlinzi alinipigia kutoka mapokezi kwamba kuna mzee ananiulizia. Nikashuka. Alikuwa fundi, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano, kofia ya pikipiki ameisahau kichwani, na dereva wa pikipiki akimsubiri nje aidai. Hakunisalimia.

"Mama yako iko na kidonda kwa mguu," alisema. "Nimemupeleka mara mbiri, wamekataa. Leo nimemukuta hawezi simama. Iko na harufu."

"Mbona hakuniambia?"

"Anasema kazi yako ndiyo hiyo. Anasema hataki kukutia haya kwa wakubwa."

Nilimkuta kitandani, nikamvua soksi. Sitaeleza nilichokiona. Nililipa hospitali kwa mfuko wangu siku hiyo hiyo, kitu ambacho ningefanya tangu siku ya kwanza kama ningesikiliza simu ile mpaka mwisho. Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema kama angemwona wiki mbili kabla wangekisafisha, wangempa dawa, angeenda nyumbani. Sasa uoza umepanda, na ama mguu ukatwe chini ya goti au tumpoteze yeye mwenyewe. Mama mdogo alinitazama mimi, si daktari, akasema niweke sahihi.

Ndugu waliokuja kumwona walisema ile methali, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, wakatikisa vichwa. Nilikasirika nikawatoa nje ya wodi, wengine wakubwa zangu kwa umri. Mwanamke huyu hakuficha kitu. Alisimama mbele ya mudugudu mzima, kabla hata ya kuumia, akauliza atakaa wapi. Aliyeficha nilikuwa mimi. Nilimficha kwenye safu ya kushoto.

Uhamisho wa jina ulikubaliwa siku ya tatu baada ya upasuaji. Shemeji alikuwa amewasha simu.

Nilirudi Kacyiru na ukurasa mmoja. Niliandika kwamba muhtasari wa mudugudu wetu ulikosea, kwamba wengi niliowahesabu kuunga mkono walikuwa wameuliza, na swali lao lilikuwa moja: mgonjwa akae wapi jina likiwa njiani. Niliandika pia kwamba sitaki barua zirudi. Nataka ahudumiwe kwanza, jina lifuate. Mkurugenzi aliusoma wote, na si mtu mbaya. Alinipa pole, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Halafu akaeleza kwamba muda wa maoni umefungwa, na kwamba nikisahihisha mudugudu mmoja itabidi tujiulize kuhusu mingine yote niliyoiandika. Nilimwambia ndiyo, hilo ndilo ninalosema. Akaweka ukurasa kwenye faili, akanishukuru kwa mchango wangu.

Mama mdogo alikuwa amesharudi nyumbani. Nilifika jua halijazama, nikakuta amekaa kitandani akinisubiri, kwa sababu alijua asubuhi nilikwenda na karatasi gani.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Nikamwambia karatasi wameipokea vizuri. Nikamwambia watabadilisha.

"Mungu awabariki," alisema. "Basi mguu haukwenda bure."

Niliogopa kumtazama, nikajifanya nashughulika. Nilileta beseni la maji ya uvuguvugu, nikapiga magoti, nikamwosha mguu wake wa kulia, polepole, katikati ya vidole, nikikagua kila mahali kama daktari alivyoniagiza. Nikaukausha kwa taulo, nikaupaka mafuta. Nilipotaka kuinuka akanigusa bega.

"Na huo mwingine, mwanangu," alisema. "Kisigino kinawasha tangu asubuhi."

Alikuwa amefumba macho. Sijui kama alikuwa amesahau. Nilipeleka mkono pale ambapo shuka lilikuwa bapa juu ya godoro, nikakuna, na yeye akaniambia hapo, hapo hapo, asante.