Kwato mbili katika chujio la Thumna

Saa mbili asubuhi, ukungu wa kharifu, msimu wa manyunyu, bado umeufunika mji wa Salala, kusini mwa Omani, na Thumna binti Musallam ameinamia beseni. Anaosha kinyesi cha chui. Maji ya bomba yanapita kwenye chujio, uchafu unakwenda zake, na juu ya wavu vinabaki vipande vya mifupa na nywele zilizolowa.

Anachomoa unywele mmoja kwa kibano, anausafisha, anaulaza kwenye kioo alichokipaka rangi ya kucha isiyo na rangi. Ikikauka, anaubandua. Alama za magamba ya unywele zimebaki. Anaziangalia kwa hadubini na kuzilinganisha na mifano iliyo kabatini.

"Pimbi," anasema, uso umemchangamka. "Bwana huyu amekula pimbi."

Thumna, mama wa watoto watatu, ni fundi wa maabara ya wanyamapori. Alikulia milimani, miongoni mwa wafugaji wa mbuzi na ngamia. Rangi ya kucha hununua kwa wingi hivi kwamba mwenye duka aliwahi kumuuliza ana vidole vingapi.

Nywele, anaeleza, hazisagiki tumboni, na kila aina ya mnyama ina magamba ya namna yake. Chui naye hujilamba, hivyo nywele zake mwenyewe humtaja mwenye kinyesi.

Mwaka juzi kazi hii ilimfikisha pagumu. Kaka yake, Bakhit, alikuwa akipoteza mbuzi mfululizo. Akanunua sumu na kutangaza kwamba ataitia kwenye mzoga bondeni. Chui wa milima hiyo wamebaki wachache mno. Mzoga mmoja ungeweza kumwua chui mama na wanawe, na fisi pia.

Thumna alipanda mlimani kumsihi angoje kinyesi kilichookotwa karibu na boma kipimwe.

"Ukikuta mbuzi wangu humo utaniambia," Bakhit alimuuliza, "au utamfichia chui wako?"

"Nitakwambia, kaka. Hata ikiniuma."

Aliwakuta. Katika chujio zilibaki nywele za mbuzi, nyeusi na laini sana, na kwato mbili ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba chake. Mkuu wa maabara alimuuliza kama angependa mwingine apeleke habari. Thumna alikataa, akazifunga kwato kwenye karatasi na kurudi mlimani.

Bakhit alimpokea kwa maziwa ya ngamia. Hakumwacha hata amalize kunywa.

"Kawala?"

"Kawala. Lakini tazama kwato hizi, kaka. Ni za vitoto, vilivyozaliwa juzi tu. Sikuona dalili ya mbuzi mkubwa humo."

Bakhit alizigeuzageuza kiganjani, kisha akamuuliza mkewe mbuzi huzalia wapi. Kwenye mawe ya juu, mkewe akajibu, na vitoto huachwa huko mpaka jioni. Wiki ile walijenga zizi la mawe kando ya nyumba na kuliezeka kwa matawi. Sumu alimkabidhi dada yake. Msimu uliofuata hakuna kitoto kilicholiwa.

Sasa Bakhit mwenyewe huokota kinyesi na kukileta maabara kwenye mifuko ya mkate, huku wenzake wakimtania kwamba amegeuka mchuuzi.

"Angesema chui hakula, nisingemwamini tena kwa lolote," anasema Bakhit. "Alisema kala. Basi na la vitoto nikaliamini."

Thumna hafichi fahari yake anapofungua kabati la mifano: nywele za mbuzi mwitu, nungunungu, ngamia, karibu kila mnyama wa mlimani. Nyingi alizikusanya mwenyewe. Wanawake wawili wa milimani wameanza kujifunza kwake.

Ukungu ukiondoka na mifugo ikapandishwa malishoni, anapanga kuibeba hadubini hadi huko na kuweka meza katikati ya watu wake.

"Wamewachukia wanyama hawa maisha yao yote bila kujua wanakula nini," anasema. "Nataka waone kwa macho yao. Mama yangu atakaa wa kwanza. Anasema hatatazama kinyesi cha mtu wala mnyama. Atatazama."