Gorogoro la Sabato

Leo ni Jumapili, na nitaeleza yote, hata sehemu inayonihukumu.

Nimemuumiza punda wetu, Raha, kwa kumpenda.

Raha huvuta mkokoteni wa mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Macalder hadi kwenye kinu cha kuyasaga. Ndiye anayetulisha. Jana, siku ya Sabato, alipumzika kama sisi. Nikamwonea huruma, nikampa gorogoro zima la mahindi, mkebe wa kilo mbili. Mama hakujua.

Leo asubuhi, hata nusu ya njia hatujafika, akasimama. Mapaja yakawa magumu kama mbao. Jasho likamtiririka.

"Ama punda wenu amelewa?" jirani tuliyekutana naye njiani akacheka.

Kisha Raha akakojoa. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya strungi, isiyo na maziwa.

Jirani akampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari wa mifugo alipofika, akauliza amekula nini. Nikasema.

"Nyathina, mwanangu, siku ya kupumzika, punda hupunguziwa nafaka. Misuli ilijaa sukari bila kazi. Leo mmeiamsha ghafla, nyuzi zake zikapasuka. Huo weusi ni protini inayoiwekea misuli oksijeni. Imevuja, na inaweza kuharibu figo."

Protini hiyo tuliisoma darasani. Nilipata alama zote.

Mama hajanigombeza. Anamnywesha Raha maji tu. Ningependa anigombeze.

Raha alijilaza chini na hajainuka, lakini nikimwita anageuza masikio.

Wenzangu mnaofuga punda: wenu aliyekojoa hivi alisimama tena? Baada ya siku ngapi?