Kirungu cha Kukunja

Ile miaka ya ruksa, mwanamke wa delta alijua mume aliyekwenda Dar es Salaam atarudi na nini: doti ya khanga, raba za mtumba na, Mungu akipenda, redio ya kaseti. Wangu alirudi na chuma. Alikitoa kiunoni, kifupi, cheusi, kinene kama gunzi la muhindi, nikadhani tochi. Nikakipokea kwa mikono miwili na kuanza kutafuta pa kuwashia. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Si tochi hiyo, mke wangu. Tazama." Akautupa mkono pembeni kwa nguvu, na kile chuma kikatoa vipande viwili vilivyokuwa vimejificha ndani yake. Kikawa fimbo ndefu kama mkono wangu.

Alikuwa mlinzi. Zamani alikata boriti kama baba yake, lakini vibali vya mikoko vilipokuwa vigumu aliwafuata wenzake Kariakoo, akapata kazi ya kulinda duka la bidhaa za Dubai. Huko aliona watu wanavyokabwa mchana kweupe, akaanza kuniwaza mimi niliyebaki huku deltani, Maparoni.

Kwetu msimu wa mpunga watu hawakai kijijini. Kila mwenye shamba anahamia kwenye dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu ili maji yapite chini na nguruwe wasitufikie, na huko anaamia, anafukuza ndege na ngedere mpaka mavuno. Dungu la mama mkwe wangu lilikuwa ng'ambo ya mfereji, tukizungumza kwa kuitana. Mtoto nilikuwa bado sijajaliwa. Na miaka hiyo walishaanza kuingia wanunuzi wa kamba na masanduku yao ya barafu, watu tusiowajua kwa baba wala kwa mama. Hao ndio waliomtia mume wangu hofu.

"Sirudi Dar mpaka ujue kukifungua, kupiga na kukifunga," aliniambia. "Yote matatu. Nikikuacha hivi hivi sitapata usingizi."

Aliyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe. Nikayasikia, nikayaweka moyoni.

Tukaanza masomo. Asubuhi, umande ukishakauka, alisimama nyuma yangu penye tuta la mfereji, akanishika kifundo cha mkono. "Kwanza paza sauti, mwambie arudi nyuma. Asiporudi, piga paja, au piga huo mkono unaokushika. Kichwa usiguse, utaua mtu wa watu. Ukishapiga usingoje kumtazama, kimbia." Alinukia sabuni ya mjini, na chini ya sabuni hiyo alikuwa yuleyule wangu wa mikokoni. Mengi ya ndoa ile nimeyasahau, mengine nimeyasahau kwa makusudi. Ule mkono wake juu ya mkono wangu sijausahau, na hata leo nikiukumbuka nautamani.

Kukifungua nilijua upesi sana. Mkono uliozoea mchi na jembe utashindwaje na fimbo? Lakini nilipoona uso wake unaanza kutulia, nikaiona hatari yangu. Nikijua yote matatu, anaondoka. Kwa hiyo nikaanza kutojua. Nikakiangusha topeni. Nikakirusha kwa mkono wa kushoto. Nikaogopa mlio wake, mimi niliyekwisha kumfukuza nguruwe dume kwa sufuria.

Mungu naye akanisaidia, maana kukifunga kulikuwa kazi. Kirungu kile hakirudi ndani mpaka ukigonge ncha yake, wima, kwenye kitu kigumu. Mtaalamu aliyekitengeneza hakuwahi kufika kwetu. Maparoni kitu kigumu kiko wapi? Ukikigonga chini kinazama kama mwiko kwenye uji. Mume wangu akajaribu kinu, na hapohapo sauti ya mama yake ikavuka mfereji: "Nyiye! Kinu hakigongwi kitupu, mwaita njaa!" Alikuja mwenyewe kwa mtumbwi, akakichukua kinu changu na kwenda nacho kwake.

Jiwe pekee tulilolijua lilikuwa nanga ya mtumbwi wa jirani, jiwe lililoletwa kutoka mbali, na mtumbwi wenyewe ulifungwa kule bandarini, mwendo wa kutosha kutoka dunguni. Basi kila alasiri tulitoka, mimi na mume wangu na kirungu kilichonyooka kama bakora ya shehe, kwenda kukifunga. Watu wakituona wanatucheka: "Hao, wanakwenda kufunga chuma chao." Njiani alinieleza habari za Kariakoo, nami nikamweleza nyumba ya bati niliyoitaka, na upande gani wa nyumba hiyo angelala mtoto. Tangu anioe hatukuwahi kuzungumza hivyo. Tukifika kwenye jiwe, nikagonga pembeni.

"Hakifungi hivyo. Wima."

"Hivi?"

"Siyo."

"Hivi je?"

Subira alikuwa nayo, maskini. Mpunga ukaanza kuinamisha vichwa. Nilikuwa na hesabu moja tu moyoni: mavuno yakimkuta hapa, atavuna nami, tutakula pamoja pepeta ya mpunga mpya uliokaangwa na kutwangwa, na mtu aliyekwisha kula mpunga wa kwake hasikii tena raha ya kwenda kulinda mali ya mwenzake. Mama mkwe alinisoma mapema, maana naye alimtaka mwanawe. Asubuhi moja aliniita toka ng'ambo, "Jifunze polepole, mwanangu. Haraka haraka haina baraka." Mume wangu akamshukuru kwa nasaha. Mimi nikauma khanga nisicheke.

Kisha chumvi ikatuishia. Tukatoka na maji ya asubuhi, mimi na yeye, tukapeleka mikeka yangu Kibiti kuuza. Kirungu nilikifutika kwenye khanga kwa sababu yeye alinilazimisha. Pale yaliposimama malori, aliinama kufungua mzigo wa mikeka, na vijana wawili wakamjia kwa nyuma. Mmoja akamkaba shingo, mwenzake akatia mkono mfukoni. Macho yakamtoka mume wangu, ananitazama mimi.

Sikufikiri. Nilipiga kelele, "Rudi nyuma!", kirungu kikafunguka kwa mrusho mmoja, nikampiga yule mkabaji kwenye mkono uliokaba. Akaachia, akapiga yowe. Wa pili nikampa la paja, akaondoka anachechemea, na watu wakamaliza kazi ya kuwafukuza. Wenye maduka wakapiga makofi. Na mimi, katika kiherehere kile, nikageuka na kukigonga kirungu wima kwenye baraza ya saruji ya duka. Kikafunga. Mara moja tu.

Mume wangu alikuwa anajisugua shingo. Akaniangalia, akakiangalia kile chuma kilichotulia kiganjani mwangu.

"Kumbe umejua."

"Bahati tu, bwana."

"Bahati haigongi wima." Akacheka, akawageukia watu. "Mnamwona? Mke wangu huyo!" Sijapata kuonewa fahari kama ile, na sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale.

Lori la mpunga kutoka Chumbi lilikuwa linakwenda Dar, utingo anagonga bodi. Mume wangu aliniambia tajiri wake wa duka alikwisha kumtumia salamu za hasira, kwamba asiporudi atamweka mtu mwingine. Nilitaka kumwambia abaki. Lakini mwanamke hamshiki mumewe shati mbele ya malori na watu, au nilidhani hivyo, nikamwambia safari njema. Akapanda juu ya magunia, akaniinamia, uso unang'aa kwa furaha.

"Sasa sina wasiwasi na wewe," alisema.

Na kweli, tangu siku ile hakuwa na wasiwasi na mimi tena. Mpunga nilivuna na mama mkwe, pepeta tukala wawili. Alikuja Idd, akaja Idd nyingine akiwa mgeni tayari, anauliza maji ya kunywa yako wapi. Baadaye tukasikia ana nyumba Mbagala, na mke wa nyumba hiyo yumo ndani.

Mama mmoja wa Kibiti, mfanyabiashara wa mikeka, alikutana naye huko. Alikuja dunguni kwangu kunisimulia, akiamini ananiletea zawadi. Alisema alimkaripia: mkeo umemtupa kule porini, peke yake, huna hata huruma? Na mume wangu akamjibu kwa majivuno, "Yule? Yule anajiweza."

Nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia ahsante, nikaendelea kupepeta mpaka mtumbwi wake ulipopinda kona ya mfereji. Kisha nikaweka ungo chini, nikalia kama mtu asiyejiweza.