Dawa ya Betri ya Dada

Kule maabara wanakotengeneza betri, wenzake walimwita Bi Tone. Kazi yake ilikuwa kuingiza mikono kwenye glavu za sanduku la kioo na kudondosha kile walichokiita dawa ndani ya maji ya betri. Ungemwona ungedhani ananywesha mtoto mchanga. Ila nyumbani hakuwa na sauti. Sauti ilikuwa ya dada yake mkubwa, mwenye kiti cha magurudumu kinachokwenda kwa betri, na mdomo usiohitaji chaji.

Betri ya kiti ilishachoka. Kila Dada akipanda kilima kwenda sokoni, inamzimikia katikati ya njia, na Bi Tone anaitwa kuja kusukuma.

"Napelekwa kama gunia!" Dada alilalama. "Nataka kwenda peke yangu na kurudi peke yangu, basi."

Mkuu wa maabara akaruhusu kiti kitengenezewe betri ya majaribio. Jioni nyumbani, Bi Tone akaanza kupanga mchanganyiko kwenye karatasi.

"Dawa unatia kiasi gani?" Dada akauliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo! Kwani mimi adui yako? Ongeza, acha uchoyo!"

Sasa, Bi Tone alijua fika kwamba dawa ile huganda ndani ya betri kama ngozi nyembamba, ili betri isiliwe na maji yake yenyewe. Ikizidi, ngozi inakuwa nene na gesi inajaa. Alijua, na akaongeza! Mtaalamu mzima! Betri ikavimba juu ya meza ya majaribio, wenzake wakacheka hadi wakakaa chini.

Ya pili aliichanganya bila kumsikiliza mtu. Akaichaji polepole mara ya kwanza, ngozi ishike vizuri, huku Dada akimpigia simu kila saa kuuliza kama imeiva.

Siku ya soko, betri mpya ikiwa imeshafungwa kitini, Dada aliondoka bila kuaga. Bi Tone akajikaza abaki ndani. Wapi! Punde alikuwa anapanda kilima mbio, kandambili mkononi, roho juu, hadi akamkuta Dada sokoni akibishana na muuza vitunguu.

"Umefuata nini?"

"Nilidhani imezima."

"Haijazima. Wewe ndiye unayekaribia kuzima. Hebu vaa hizo kandambili."

Wakateremka, Dada mbele, akisalimia kila mtu kwa sauti ya juu. Bi Tone alimfuata, amefurahi mpaka machozi yanamtoka. Mara mbili alijisahau akanyoosha mikono kushika kiti. Mara zote mbili Dada aliongeza mwendo.