Msumari wa Vugo

Jumamosi jioni Mama aligongomea msumari ukutani, juu ya kochi letu pale Kisenyi, Kampala, bila kumwuliza mtu. Nilijua ni wa nini. Asubuhi yake alikuwa amekula kiapo mbele ya kikundi kizima: tukiaibika huko kwenye tamasha, vugo analitundika na hataligusa tena mpaka anaingia kaburini. Mama yangu hatanii na viapo.

Vugo ni pembe la nyati. Unalishika kwa mkono mmoja na kuligonga kwa kijiti kwa mkono wa pili, na likigongwa na anayejua, hata bi harusi aliyefungiwa chumba cha ndani anaanza kutikisa mabega. La kwetu lilitoka pwani na bibi mzaa bibi yake Mama. Tangu hapo wanawake wa ukoo wetu wamelipiga harusini, ndani, juu ya mkeka, pazia limeshushwa. Siku hizi harusi ni za ukumbini na bi harusi anataka muziki wa kompyuta. Tulikuwa tumebaki wanawake wachache, na mdogo wa wote nilikuwa mimi, ambaye udogo nimeusahau zamani.

Wazo la tamasha lilikuwa langu na silijutii. Mtaa wa Kamwokya kuna fundi redio, Mkongo wa mashariki, mpiga gitaa. Kila mwaka yeye na wenzake huandaa muziki wa siku mbili kwenye uwanja wa shule: jukwaa la mbao, spika za kukodi, moshi wa nyama choma. Alilisikia vugo letu kupitia ukuta wa nyumba ya harusi, akaniulizia mpaka akanipata soko la Owino, ninakouza mapazia ya mitumba.

"Dada," aliniambia, "ile pembe. Ulete ile pembe, batu basikie."

Mama alikataa kwa methali, silaha yake ya kila siku. "Mcheza kwao hutunzwa. Huko Kamwokya ni kwetu wapi?"

Kwake yeye, kwetu ni pwani, ambako hajawahi kukanyaga. Amezaliwa Kampala, ameolewa Kampala, anakula matoke kuliko Waganda wenyewe, lakini ukimwuliza kwao atakuonyesha kidole upande wa bahari. Nilimtania kwa hilo hadi akakubali, kwa hasira zaidi kuliko kwa hiari.

Sasa ile Jumamosi. Tulipanda jukwaani, tukatandika mkeka, tukakaa kama tunavyokaa siku zote: duara, tunatazamana. Hakuna aliyefikiri vingine. Kwa hiyo nusu yetu, Mama akiwa wa kwanza, tuliwapa watazamaji mgongo.

"Banange!" mshereheshaji alipiga kelele kwenye maikrofoni, kijana wa miwani myeusi. "Ba-mama, mugeuke! Watu iko huku!"

Mama hakugeuka. Vugo haliimbwi kwa kukariri. Anayeimba anatunga beti papo hapo, na kwa jicho lake anamchagua wa kumjibu. Mkikaa mstari mmoja kama wanafunzi wanaopigwa picha, nani atajua zamu ni ya nani? Lakini watu wale waliona migongo na leso tu. Mmoja mmoja wakaondoka kwenda kununua chapati za mayai, na wimbo wa tatu tuliumaliza mbele ya majani matupu na bwana mmoja aliyelala. Tulipokuwa tunakunja mkeka mtu fulani alicheka. Mimi nililia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Jioni ile fundi redio alipobisha hodi, nyundo ilikuwa bado mkononi mwa Mama. Aliingia ameinama, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, kesho iko nafasi ingine. Lakini mugeuke, mama. Batu baone sura zenu."

"Mwanangu," Mama akamjibu, "nikigeuka nitamwimbia nani?"

Jibu nililitoa mimi, kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu. "Harusini watu wanakaa mbele yetu, Mama? Si wanatuzunguka? Basi tusigeuke. Tushuke!"

Mama aliugusa msumari kwa nyundo. "Kesho tu," akasema. "Huu unangoja."

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi, na udongo mwekundu ukatukamata viatu. Mchana jua lilitoka. Tulipita jukwaa bila kulipanda, tukatandika mkeka wetu katikati ya uwanja. Mshereheshaji alilalamika kwamba waya haufiki. Fundi redio akaunga waya mwingine, akaja akachuchumaa nje ya duara letu, ameinua maikrofoni juu ya vichwa vyetu.

Mama akagonga. Watu wakasogea kutazama ni nini kinafanyika chini, kwa sababu Kampala ukiinama tu barabarani utakusanya umati. Wa mbele wakakaa, wa nyuma wakasimama, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha tulikuwa tumezungukwa pande zote, wala mgongo wa mtu haukumkera mtu. Hapo Mama akawatupia ubeti:

*Jana mliona shingo, leo uso nawapa;*
*chapati isiwe chambo, shibeni ngoma hapa.*

Dada yake Mama akamjibu kutoka upande wa pili, na kicheko kikalipuka. Waliofahamu wakawatafsiria wenzao kwa Kiganda, na kicheko kikalipuka tena. Wengi pale Kiswahili walikijua kwa askari, lugha ya kuamriwa. Siku ile kiliwatania kuhusu chapati, na wakakipenda. Wakaanza kuitikia kiitikio chetu, r na l zikibadilishana viti, na sijawahi kusikia kiitikio kitamu kama kile.

Ndipo muuza gonja, mama mzima aliyevaa gauni la gomesi, akaliacha jiko lake na ndizi zikiungua. Akaingia kati ya duara, akapiga magoti mbele ya Mama kama Waganda wanavyomheshimu mkubwa, akamwekea noti kwenye paji la uso.

"Webale nnyo, nyabo," akasema, akimshukuru kwa Kiganda.

Mkono wa Mama ulisita. Kisha akagonga vugo kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na watu wakaja kumtunza kwa foleni, wengine kwa noti, wengine kwa soda. Nilifurahi mpaka nikasahau kuitikia. Tuliimba hadi mshereheshaji akatuomba tuwaachie wengine nafasi, na tulipokunja mkeka wasichana wawili wakaja kuuliza vugo linafundishwa wapi. "Kisenyi," Mama akawajibu, "na mje na leso."

Nyumbani hakuvua hata buibui. "Niletee koleo," akasema. Aliung'oa msumari mwenyewe, ukatoka na kipande cha plasta.

Nilishindwa kujizuia. "Haya, Mama, niambie sasa. Kamwokya ni kwetu wapi?"

Alikuwa anafuta matope kwenye vugo kwa ncha ya leso, hakuinua macho. "Nilitunzwa, sikutunzwa?"

"Ulitunzwa."

"Basi usiniulize maswali ya kijinga."