Kisima Kilichojaa Lipangalala

Nilisikia ndoo ya shangazi kabla sijaiona nyumba yake. Nyuma ya ua wa matete ilipiga maji mara tu ilipoachiwa. Kisima kile nilivyokijua zamani, ungevuta pumzi tatu kabla ndoo haijafika chini.

Barua ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam: Neema, mjukuu wa shangazi, anaharisha na hapati nafuu. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Ninyo.

Sanje, kijiji cha njiani, saa nane mchana, barabara ilikuwa imekatika. Tulishuka kwenye basi tukavuka kwa miguu. Maji mekundu yalitufika magotini, yamebeba migomba, kinyesi cha ng'ombe na mlango wa choo cha mtu. Ng'ambo wanawake waliyachota maji yale yale.

Jioni, baada ya lori na matope, nikafika Ifakara, mtaa wa Lipangalala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Dar hawali?"

Alinipa kata ya maji baridi, meupe kama kioo. Nikanywa yote. Kisha nikakiona choo cha jirani, hatua chache kutoka kisimani: shimo limejaa hadi mdomoni, limetulia, usawa mmoja na kisima.

"Hamchemshi?"

"Kwa kuni gani? Zimelowa zote. Nachemsha ya Neema tu. Au nimpe mgeni maji ya mgonjwa?"

Akaepua sufuria. Mtoto alilia kiu. Ili yapoe haraka, akayachanganya na kata moja ya maji ya kisima.

Nikamshika mkono kwa nguvu. Sikuwahi kumshika hivyo shangazi yangu.

Asubuhi tukaenda kwa bwana afya. Nyuma ya meza yake maboksi ya dawa ya maji yalipangwa hadi dirishani.

"Yanasubiri gari," alisema. "Mgao ni wa bonde zima, siku moja."

"Lipangalala ni mwendo wa miguu!"

"Kijana, kuna utaratibu."

Maji hayakungoja utaratibu kuingia kisimani. Shangazi akamweleza hali ya Neema, taratibu, kama mwenye kosa. Bwana afya akahesabu vidonge sita. "Vya mtoto tu, mama. Usitangaze." Shangazi akavifunga kwenye pindo la kanga, akashukuru. Shukrani ile ilinichoma kuliko kitu chochote.

Nyumbani akakifunika kisima kwa mabati na mawe. Mumewe marehemu alikichimba, na mtaa mzima ulichota bure.

Siku ya tatu Neema aliomba uji. Nami nikafunga mzigo, nikijua kwamba mafuriko yanayoonekana hupita; yanayoua hubaki ndani ya kata, yakiwa meupe. Hapo akaingia Mama Zaituni, jirani mwenye choo, ndoo mkononi.

"Mabati ya nini, dada?"

"Choo kimeingia kisimani. Chukua jagi hili, lina dawa."

"Choo changu, siyo? Na jagi moja kwa watu saba! Mjukuu wako kapata dawa, wangu wakanywe ya mto Lumemo?"

"Nilipewa kidogo."

"Na nani?"

Shangazi akamtazama Neema aliyekuwa akilamba kijiko.

"Bwana afya," akasema. "Yako maboksi hadi dirishani. Akaniambia nisitangaze."

Mama Zaituni akajitwika ndoo tupu.

"Basi nitatangaza mimi," akasema, akatoka, na mlango akaubamiza hadi vumbi likadondoka.