Gari la Mkwe na Mkamwana

Niseme aibu yangu mapema ili nipumue. Gari la kwanza nililochora mwenyewe mwanzo hadi mwisho nililijaribu kwa gunia la viazi, likafaulu vizuri sana, halafu siku ya kulikabidhi likamwonyesha mkamwana uso wa baba mkwe wake kwenye skrini, mkubwa, anapiga miayo. Na kazi ya lile gari ilikuwa moja tu: hao wawili wasionane.

Pale gereji kwetu Bulyaga, mjini Tukuyu, wananiita injinia. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatujawahi kukaa tukakubaliana. Uinjinia nilipewa kwa sababu nina daftari la viboksi na penseli inayokaa sikioni. Wenzangu wote wana nyundo. Sisi magari ya kawaida hatutengenezi, ya kawaida mtu ananunua. Tunaletewa gari na mtu mwenye shida yake, tunalikata, tunaliunga, linatoka limekaa kama ile shida. Tumeshatengeneza la kubebea majani ya chai, la vifaranga lenye droo kama kabati, na la kwaya lenye ngazi, besi wanasimama juu kabisa na wakati wa kona wanaimba wameshikana mikanda.

Sasa mwaka jana jamaa mmoja anayefanya kazi Dar akatuletea kirikuu, vile vigari vidogo vyenye kibini mbele na bodi nyuma. Maelezo akanipa kwa simu.

"Dereva ni mke wangu, anabebea ndizi. Baba yangu yuko Lufingo, ana presha. Kliniki ya hospitali ya Makandana ameikosa mara mbili. Daktari kasema akikosa ya tatu tusimuulize yeye kitu. Bodaboda hapandi, anasema ile ni kukumbatiana na mtu usiyemjua."

"Si apande na mkwewe?"

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Basi unauliza nini?"

Kweli nilikuwa nauliza nini. Kwa wazee wetu mkamwana anamtila baba mkwe: hamtazami, hamsemeshi, wakikutana njiani yeye anajificha kwenye migomba mpaka mzee apite. Vijana wengi wameshaacha. Huyu mzee hakuacha, na mkamwana wake naye, ingawa anaendesha gari na kugombana na madalali sokoni, kwa hilo alikuwa mkali kuliko mzee. Miaka saba ya ndoa hawajasemezana hata neno.

Nikachora. Bodi ya nyuma ikawa chumba kilichofungwa, mlango wake nyuma, kioo kimoja nyuma. Ukuta wa mbele bati tupu, hakuna tundu. Kiti kinatazama mbele, maana mzee akitazama nyuma kwenye zile kona atatapika. Kamba ya kengele: ukivuta mara moja gari lisimame, mara mbili liende. Rafiki yangu wa kuchomelea, ambaye ndiye aliyechomelea hayo yote, aliniambia, "Hii ni mahabusu yenye kengele." Nikamwambia aachie kazi wenye daftari.

Shida ikaja kwenye kurudi nyuma. Dereva hana cha kutazamia. Nikatafuta kamera, zile zinazowasha skrini ukiingiza gia ya rivasi. Nikaifunga nje, mvua ikanyesha, na hapa kwetu mvua inanyesha hata ikiwa imechoka. Picha ikawa uji. Nikaihamishia ndani kwenye kioo cha nyuma, kioo kikashika ukungu. Basi nikaipeleka mbele kabisa, juu kwenye lile bati, itazame nyuma, ipite juu ya kiti, itokee kiooni. Nikaweka gunia la viazi kwenye kiti, kilo karibu sawa na mzee, nikalifunga mkanda. Tukazunguka mitaa ya Bulyaga kinyumenyume. Barabara yote inaonekana, mpaka kuku. Kwenye daftari nikaandika: kamera safi.

Gunia la viazi halina kichwa. Hilo sikuliandika.

Siku ya kulikabidhi, ndiyo hiyo ya kliniki, mimi na mkamwana tulifika Lufingo saa mbili na nusu, manyunyu yanaanguka. Mkamwana alibaki kwenye kibini, khanga kichwani, anatazama mbele kama yuko kwenye mtihani. Mzee akatoka na koti, kofia, fimbo, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni.

"Yupo?" akaniuliza.

"Yupo mbele, baba. Hamwonani hata kidogo."

"Ndaga," akashukuru.

Akapanda, nikamfunga mkanda, mimi nikakaa pembeni yake kwenye kigoda kwa sababu injinia lazima awepo. Alikuwa ameamka na kuku. Akavuta kengele mara mbili, kisha akapiga miayo mirefu ya mtu mwenye amani. Uani pale hamna pa kugeuzia, kwa hiyo mkamwana akaingiza rivasi.

Skrini mimi siioni. Nilichosikia ni mlio mmoja mwembamba kutoka mbele, halafu kirikuu kikarudi nyuma kama kimesahau kitu shambani, kikalaza migomba mitatu na kuegemea wa nne.

Nikamkagua mzee, mzima, kofia tu imegeuka. Nikakimbilia mbele. Mkamwana amelala kwenye kiti, khanga imefunika kila kitu.

"Dada, umeumia?"

"Nimemwona."

"Nani?"

"Baba. Yuko kwenye televisheni yako. Nimeona mpaka meno ya nyuma."

Hapo ndipo kile kichwa ambacho gunia halina kiliponijia.

"Mimi usukani huu sishiki tena," akasema ndani ya khanga. "Tafuteni dereva."

Dereva mwingine hakuna, mimi leseni sina, na pale hospitali saa nne hawapokei kadi tena. Nikarudi nyuma kumweleza mzee. Nilidhani atanichapa fimbo. Akafikiri kidogo.

"Ameniona mimi au ameona picha?"

"Picha, baba. Ila ni picha yako ya sasa hivi."

"Kwake sebuleni kuna picha yangu ya siku ya harusi. Anaipangusa vumbi kila Jumamosi, mwanangu kaniambia. Mwambie picha siyo mimi."

Nikazunguka na manyunyu yangu mpaka mbele, nikafikisha.

"Mwambie picha ya sebuleni haipigi miayo," akasema.

Nikazunguka tena. Mzee akainamisha kichwa, nikaona mabega yanacheka.

"Hilo kweli. Mwambie sitapiga tena. Na hiyo migomba asiiwaze, ilikuwa mizee kama mimi."

Akavua kofia, akaitundika juu ya kamera mwenyewe. Nikapeleka habari. Khanga ikauliza, "Kichwa wazi si atapata baridi?"

Nikavua kofia yangu ya gereji, ina grisi, nikampelekea mzee. Akaivaa. Mkamwana akainuka.

Basi kamera ikawa imefunikwa, mimi nikatembea nyuma ya gari nikipiga kelele, njoo, njoo, kata kushoto, mpaka barabarani. Nikapanda. Hatujafika mbali gari likasimama. Nikashuka, nikaenda mbele.

"Muulize kama amekunywa dawa."

Nikaenda kuuliza. Amekunywa. Nikarudi kusema. Tukaenda. Kengele ikalia mara moja. Mzee anataka kujua mjukuu mdogo kama ameanza kusoma. Nikashuka. Ameanza, anaandika jina lake kinyume. Nikarudisha jibu, mzee akasema, mwambie kwamba baba yake mtoto naye alikuwa hivyo hivyo. Nikashuka. Njia nzima ikawa hivyo, mimi nimelowa mpaka soksi, watu wa Tukuyu wananitazama nakimbia kulizunguka gari lililosimama kama nalifanyia tambiko.

Makandana tulifika dakika chache kabla ya saa nne. Nikaikimbiza ile kadi dirishani kabla mzee hajashuka. Wakaipokea. Presha wakapima, ipo juu kidogo, nesi akauliza kama mzee amepata mshtuko wowote leo. Mzee akamwambia hapana, amecheka tu.

Jioni nikamsimulia rafiki yangu wa kuchomelea yote, sikuficha hata gunia. Nikamuuliza, sasa hili gari tulirudishe tulirekebishe wapi. Akapandisha miwani yake ya kazi, akanitazama navyodondosha maji sakafuni.

"Gari halina kosa," akasema. "Miaka saba hawajasemezana, leo wamemaliza habari zote. Tatizo lake ni kwamba bila wewe haliendi, na kliniki ni kila mwezi."